Nyumba ya Magurudumu Sita

Otuoma alikuwa mtu asiyeweza kukaa. Simsingizii, muulize yeyote wa mtaa wa Igogo, Mwanza, aliyewahi kunywa naye chai. Ukimpa kiti atakaa upande mmoja, mguu unapigapiga sakafu, na kabla chai haijapoa ameshasimama mlangoni anatazama ziwa, utadhani kuna mtu anamwita. Miaka mingi alikuwa mtia mafuta kwenye chumba cha injini cha meli, leo yuko Bukoba, kesho Musoma, keshokutwa Kisumu, analala kwenye kitanda kinachotikisika na kuamka mahali pengine. Halafu ukaja wakati wa kupunguza watu kazini, soko huria, kila mtu ajitegemee, na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Wenzake wakafungua vibanda vya mitumba au wakaenda kupakia minofu ya sangara. Yeye akabaki chumba cha kupanga na mkewe Dorcas, akizunguka kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama kuna mtu anayeugua.

Ndipo akalinunua lile dude. Lilikuwa gari-nyumba la Wazungu wawili, mke na mume, waliotoka nalo Nairobi wakienda Afrika Kusini. Walipofika Mwanza wakagombana, mke akapanda ndege, mume akamwachia gari mtu wa kwanza aliyeonyesha hamu. Mtu huyo alikuwa Otuoma, na mafao yake yote yakaishia hapo. Gari lenyewe la kizamani, refu, pana, magurudumu mawili mbele na manne nyuma, ndani lina kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati, na choo ambacho Dorcas aliapa hatakikalia mpaka anaingia kaburini. Watoto wa mtaa waliliita Hoteli. Dorcas aliliita bi mdogo.

"Mwanamume mwenye gari lenye kitanda na jiko," aliwaambia majirani, "mke wa kazi gani tena?"

Walicheka, na yeye akacheka nao, lakini moyoni hakuwa anacheka hata kidogo. Alimjua mumewe. Siku moja angeamka akute alama za matairi tu.

Sasa basi, asubuhi ya Alhamisi, Agutu akashuka basi akaja Igogo moja kwa moja. Agutu ni mdogo wake Otuoma, wa pili kuzaliwa, mtu wa jembe na nyavu, na siku hiyo uso ulikuwa umekunjamana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Huko kwema?"

"Baba anakwisha."

Dorcas akaweka chini ungo wa mchele, akashika kichwa.

"Hajafa, shemeji, usianze kulia," Agutu akasema haraka. "Ila miguu imeanza kumkataa. Amenituma maneno haya, na nayatoa kama alivyonipa. Jumapili hii anataka kumwonyesha Otuoma mahali pa boma lake. Anasema akingoja zaidi atakuja kuonyesha akiwa amelala kwenye sanduku."

Hapo nikueleze, maana si kila mtu anatoka huko. Kwao, upande wa Shirati, mtoto wa kiume hajijengei boma anavyojisikia. Baba ndiye humtoa. Wanatoka asubuhi pamoja, baba yuko mbele, mtoto nyuma yake kabeba shoka na jogoo, mke anafuata na moto. Baba akifika mahali anasema hapa, na hapo ndipo. Na zamu ni zamu, mkubwa kwanza. Mkubwa asipotoka, wa pili hatoki, hata akiwa na mvi na wajukuu wa kumkojolea. Otuoma alikuwa hajatoka. Kila mwaka aliulizwa, na kila mwaka alisema mwakani. Kwa hiyo Agutu, mtu mzima mwenye mke na watoto saba, alikuwa bado amebanana ndani ya boma la baba yake, anaomba ruhusa hata ya kufunga mbuzi. Na baba akifa kabla hajaonyesha, jambo lote linahamia kwa baba wadogo, na wale baba wadogo hawajawahi kukubaliana hata siku ya kuvuna mtama.

"Basi la kesho lina nafasi," Agutu akasema. "Nimeshauliza."

Mtu mwenye akili zake angejibu sawa. Otuoma alizunguka meza mara mbili, akatabasamu lile tabasamu ambalo Dorcas alilifahamu na kuliogopa.

"Basi la nini? Mimi nina nyumba, nitaenda nayo. Baba ataonyesha, mimi naegesha, kwisha kazi. Nimejenga. Na wewe kesho yake unajenga."

Agutu alitazama nje, akalitazama dude, akamtazama kaka yake. "Nyumba gani? Ile?"

"Ina mlango, ina paa, ina jiko. Kwako wewe kuna sinki?"

"Na ikishaegeshwa," Dorcas akauliza, "itakaa muda gani?"

"Itakaa."

"Muda gani, Baba Sharon?"

Otuoma akatoka nje kukagua matairi. Nami nitasema kwa niaba yake, maana mwenyewe asingesema hata ukimbana kwa koleo. Otuoma aliogopa. Hakuogopa kazi wala gharama, aliogopa kuta. Kila alipofikiria nyumba ya tofali yenye mlango unaotazama upande uleule asubuhi na jioni mpaka siku ya kufa, kifua kilimbana akatafuta hewa. Lile gari lilikuwa ujanja wake. Angempa baba heshima yake, angemfungulia mdogo wake njia, na wiki ya pili angewasha akaenda zake.

Tatizo lilikuwa moja tu, gari lenyewe lilikuwa limechoka kwenda. Lilikuwa la otomatiki, halina klachi ya kukanyaga. Unasogeza mkono wa gia mara moja, mengine linajifanyia lenyewe. Lakini siku hizi ukiliweka gia ya mbele lilingoja kwanza, injini inanguruma bure, halafu linashtuka na kuruka hadi vikombe vinaanguka kabatini. Otuoma akalipeleka Mabatini kwa fundi Mhoja, fundi wa malori, mtu wa tumbo kubwa na utani mwingi. Mhoja alichomoa stiki ya kupimia oil ya gia, akainusa, akakunja pua.

"Ng'wanawane! Hii siyo oil tena, hii ni kahawa iliyoungulia jikoni. Tunaimwaga yote, tunasafisha filta, tunatia mpya. La sivyo hufiki hata Kisesa."

"Leo?"

"Kesho. Gari lilale hapa, lipoe. Mzee, hebu kaa basi, unanizungusha kichwa."

Ijumaa Otuoma aliwahi gereji kabla ya mwenye gereji. Walilinyanyua kwa jeki, wakaweka magogo, Mhoja akaingia chini na spana, akaanza kulegeza bolti za sampo, lile bakuli la oil chini ya gia, upande mmoja ili oil imwagike polepole kwenye karai. Haikumwagika polepole. Sampo iliachia ghafla, na oil nyeusi ikamshukia Mhoja kifuani, akatukana kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Agutu, aliyekuwa amekaa juu ya tairi bovu akihesabu mabasi yanayomkimbia, hakucheka.

Ndani ya sampo kulikuwa na tope jeusi zito. Filta ilikuwa ya wavu mwembamba wa waya, na wavu wote umezibwa kabisa, huoni hata tundu. Mpya haikuwepo Mwanza nzima, hata uombe vipi, kwa hiyo Mhoja aliiosha kwa petroli na mswaki, akaiinua kwenye jua, akaiosha tena, mpaka mwanga ukapita. Gasketi akaikata mwenyewe kwa mkasi. Oil nyekundu haikusumbua. Zamani kupata kopo moja ilibidi umjue mtu anayemjua mtu. Siku hizi maduka ya vipuri yamejaa makopo ya kila rangi, na hiyo nyekundu watu wanaitia kwenye stelingi pawa. Otuoma hakungoja kutumwa. Alikwenda mbio akarudi mbio, akakuta bolti bado zinakazwa, akaingia chini kukaza zilezile ambazo Mhoja ameshazikaza.

"Utazikata vichwa, mzee!"

"Kaza, kaza, tumechelewa."

Wakamimina oil kupitia tundu la stiki, kwa mpira na faneli. Wakapima, wakaongeza, wakapima tena. Injini ilikuwa imezimwa toka jana yake, na Otuoma alisimamia hilo kama askari. Kwenye meli ndivyo alivyofundishwa, mafuta hupimwa injini imelala. Ikizunguka inayarusha huku na huku, utapima mawimbi? Mhoja naye hakubisha, maana malori yake yote hupimwa vivyo hivyo. Stiki iliposema imejaa, wakafunga, wakapeana mikono, wakawasha.

Jamani, gari lilitulia! Walilizungusha mpaka Nyakato na kurudi, gia inaingia bila hata kusikika, vikombe kimya kabatini. Mhoja alitaka walipeleke mbali zaidi, ili kulijaribu kwenye mlima likiwa limepata moto. Lakini Otuoma alikuwa ameshafungua mlango wa gereji aondoke nalo.

Jumamosi wakaondoka. Dorcas alipanda na sufuria zake zote, magodoro, cherehani, ndoo, picha ya harusi, na jogoo ndani ya tenga. Otuoma aliona mizigo ni mingi lakini hakusema kitu, alikuwa na haraka ya kusikia barabara chini yake. Na aliisikia. Walipita Igoma, wakapita Kisesa, dirisha wazi, upepo wa ziwa unaingia, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha, anaimba kwa pua.

Walipokaribia Magu, Dorcas akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chumba nimerudisha ufunguo."

"Chumba gani?"

"Chumba chetu, Igogo. Jana ulipokuwa gereji. Mama mwenye nyumba ameshapata mpangaji."

Wimbo ukakatika. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Mimi nimepanga nyumba za watu toka niolewe, Baba Sharon. Nimepikia varandani, nimegombea bomba, nimeoga kwa zamu. Baba yako anatoa boma. Wewe ukitaka kuondoka ondoka, lakini mimi nashuka huko na sufuria zangu, na sirudi."

Agutu aliangalia nje upande wake, akajifanya hayupo. Otuoma alishika usukani hadi vidole vikabadilika rangi. Alihisi mtu amemfungia mlango kwa nje, na hasira ilimpanda, kisha akahisi ule mbano wa kifua, na akakanyaga mafuta ili aukimbie.

Gari halikukimbia. Injini ililia juu, juu zaidi, na gari likabaki kwenye mwendo uleule, linateleza tu. Otuoma akasimama kando, akazima injini, akasubiri itulie vizuri kama inavyotakiwa, akachomoa stiki. Oil ilikuwa imepita alama ya juu.

"Imezidi!" akasema. "Mhoja kajaza mno. Oil ikizidi inafanya povu, ndiyo maana linateleza."

Akaingia chini, akalegeza bolti, akapunguza ndani ya galoni. Akapima tena, sawasawa kwenye alama. Wakaondoka, na gari likawa bovu kuliko mwanzo. Walipofika Lamadi akasimama tena, akazima, akasubiri, akapima, ikawa imezidi tena. Loo! Akapunguza tena. Ukimuuliza oil ilizidi vipi wakati hakuna aliyeiongeza, hana jibu, ila stiki ndivyo inavyosema, na yeye maisha yake yote aliiamini stiki kuliko watu. Walipofika Bunda kulikuwa na harufu ya kuungua ndani ya gari, jogoo anapiga chafya, na ikabidi walale hapo ili gari lipoe. Agutu hakula. Aliuliza jambo moja tu, kama kesho kuna basi, akajibiwa Jumapili mabasi ni ya kubahatisha.

Jumapili walitambaa. Baiskeli ziliwapita. Walivuka daraja la Kirumi, wakaacha barabara kubwa pale Utegi, wakashika ya vumbi kuelekea Shirati, na kwenye kilima cha mwisho, nyumbani kunaonekana kwa macho, gari likasema basi. Injini inanguruma, magurudumu yamesimama.

Agutu akafungua mlango, akateremka. "Mimi natembea. Nitamwambia baba umefika kilimani."

"Agutu, ngoja kidogo, nipime."

"Umepima toka Magu!" Agutu akapasuka. "Miaka yote hii unapima! Mwakani, mwakani, mwakani! Watoto wangu wanalala miguu ya huyu kichwani kwa yule, mke wangu ananiuliza mimi ni mwanamume wa namna gani, na mimi namjibu nini? Namngoja kaka, kaka anazunguka ziwa!"

Otuoma alibaki nyuma ya usukani. Hakuthubutu hata kuzima injini, maana betri ilikuwa inasuasua toka asubuhi na likizimika huenda lisiwake. Dorcas ndiye aliyeruka chini. Naye alikuwa amechoka, amechoka na yote, na mikono ilitaka kitu cha kushika. Akafungua boneti, injini inaunguruma hivyohivyo, akachomoa stiki, akaifuta kwa kanga, akairudisha, akaichomoa.

"Baba Sharon. Njoo uone. Kavu."

"Huwezi kupima hivyo, zima kwanza, iache ilale..."

"Ilale ifanye nini? Linafanya kazi likiwa limelala? Sasa hivi ndipo linafanya kazi, na sasa hivi ni kavu! Tazama!"

Alitazama. Stiki ilikuwa safi, haina hata tone. Akaitumbukiza mwenyewe, akaitoa, hivyohivyo. Akasimama pale na stiki mkononi, na mara ile akaelewa, akaelewa yote kwa pamoja hadi masikio yakamwaka. Injini ikizunguka inaivuta oil kutoka kwenye sampo kuijaza ile ngoma kubwa iliyo kati ya injini na gia. Ukizima, oil inashuka, inarudi chini, tena imevimba kwa moto, na stiki inakwambia imejaa, hata imezidi. Gari lilikuwa na kiu toka Mabatini. Kila lilipolia kiu, yeye alilizima, akalipima likiwa limelala, akalinyang'anya hata kile kidogo lililokuwa nacho.

"Nimeliua," akasema. "Nimeliua mwenyewe."

Oil aliyoipunguza ilikuwa bado ndani ya galoni, maana oil mpya haitupwi. Akaimimina yote, injini ikiwaka, na makopo mawili ya akiba juu yake, mpaka stiki ikasema kweli. Akapanda, akaweka gia ya mbele. Kimya. Vyuma vya gia ya mbele vilikuwa vimeshaungua. Akaweka tena, akabembeleza, akapiga usukani kwa kiganja. Kwa hasira tu akavuta mkono wa gia hadi rivasi, na gari likashika. Likashika vizuri kabisa, likarudi nyuma mita kadhaa, likamkosakosa Agutu.

"Yawa!" Agutu akaruka pembeni.

Wakatazamana watu watatu. Gia ya rivasi ilikuwa nzima. Dorcas akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu, na Agutu, ambaye hakuwa amecheka toka Alhamisi, akakohoa kwanza halafu naye akashindwa kujizuia.

"Ligeuze," akasema, akijifuta macho. "Ligeuze tako mbele, nitakuongoza."

Ndivyo Otuoma alivyorudi kwao. Aliligeuza kwa taabu barabarani, Agutu na Dorcas wakisukuma pale lilipotakiwa kwenda mbele, na likapanda kilima kinyumenyume, mngurumo unasikika kijiji kizima. Watoto wakatoka mbio, mbwa wakabweka, wanawake waliokuwa wanatoka kanisani wakasimama na Biblia zao, wakauliza huyo mtu anakuja au anaondoka. Otuoma shingo ilimuuma, jasho lilimtiririka, na aibu ilimshika, sitaficha. Aliwahi kuota atakavyoingia kwao, na hakuota hivi.

Mzee Okomo, baba yao, alikuwa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, amefunikwa blanketi, na baba wadogo wawili wamekaa upande huu na upande huu wakimlinda kama mali ya mnada. Otuoma alishuka, akaliacha gari linanguruma, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na kelele."

"Nimechelewa, baba."

"Umechelewa. Miguu imeondoka jana." Mzee aligusa magoti yake juu ya blanketi. "Nilisema ningoje, yenyewe haikungoja."

Yule mkubwa kati ya baba wadogo akakohoa. Alisema jambo hili sasa haliwezekani. Baba hutangulia kwa miguu yake, mtoto hufuata, hakuna baba anayebebwa mgongoni kama gunia kwenda kutoa boma. Waache, wamuuguze mzee, na mambo ya mahali watakaa kikao. Alipotamka kikao, Otuoma alimwona Agutu akigeuza uso kuelekea ukutani. Aligeuza tu uso, na Otuoma alihisi kitu kimemchoma chini ya mbavu kuliko maneno yote ya kule kilimani.

Mzee Okomo hakuwa anamsikiliza ndugu yake. Alikuwa analitazama gari.

"Hicho chombo kina kitanda?"

"Kipo, baba. Huko nyuma, chini ya dirisha."

"Na kinatembea kwa nyuma tu?"

"Kwa nyuma tu, baba. Nimekiharibu."

"Basi nyuma ndiyo mbele," mzee akasema. "Nipandisheni."

Baba mdogo akaanza kupinga, mzee akamnyamazisha kwa kidole. "Nikilala pale nitakuwa wa mbele au si wa mbele? Mwanangu atakuwa nyuma yangu au si nyuma yangu? Nipandisheni kabla sijalala usingizi."

Wakambeba na blanketi lake, wakamlaza kitandani, wakamwinua kwa mito aone dirishani. Dorcas akaingia na kaa la moto kwenye sufuria, Agutu akaweka shoka na tenga la jogoo miguuni pa kaka yake. Otuoma akavuta mkono wa gia.

Hakuona kitu. Kwenye vioo kulikuwa na mtama na watoto tu, mbele yake boma la baba linarudi mbali. Alichokuwa nacho ni ile sauti nyembamba kutoka nyuma ya kichwa chake.

"Kushoto. Kidogo. Usinikimbize, mimi si mzigo wa meli. Sasa nyoosha. Kuna jiwe. Umelikosa, vizuri."

Maisha yake yote alitazama mbali, na sasa alikuwa anakwenda asikokuona, kwa sauti ya mtu mmoja. Walipita shamba, wakapita kisima, wakashuka mteremko kidogo upande wa ziwa. Baba alinyamaza kitambo kirefu. Otuoma akaogopa, akataka kugeuka.

"Hapa," mzee akasema.

Akakanyaga breki.

"Zima nikusikie."

Mkono ulikuwa kwenye ufunguo, na mkono ulikataa. Betri ilikuwa imekwisha, alijua. Akizima, haliwaki tena. Chumba cha Igogo hakipo, meli haipo, na kule nje kuna ardhi tu, imetulia, haitikisiki. Kifua kilimbana hadi akaona nyota. Alitamani kuondoka. Nakwambia alitamani hata kwa rivasi, aende kinyumenyume hadi Mwanza.

"Otuoma," baba yake akasema.

Akazima.

Akashuka, akakata mti mdogo wa kwanza kwa shoka kama inavyotakiwa, akausimika. Jogoo akawekwa chini. Dorcas akawasha moto, akapuliza, moshi ukamwingia machoni, au labda haukuwa moshi. Mzee alisema maneno yake mlangoni, ameshikwa kushoto na kulia, sauti inakatika, lakini aliyasema yote.

Baba mdogo alikuwa amewafuata kwa miguu. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke. "Nyumba yenye magurudumu siyo nyumba," akasema. "Ni mgeni aliyepumzika. Likipona kesho anaondoka nalo, na huyu wa pili atakuwa amejenga kabla ya mkubwa. Mimi simo."

Wote wakamtazama mzee. Mzee alifumba macho. "Mimi kazi yangu nimemaliza," akasema. "Hayo mengine ni ya mwenye boma."

Agutu akainama chini ya gari, akatafuta kwenye kisanduku cha zana, akatoka na spana kubwa. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaiweka kwenye nati ya kwanza.

"Nisamehe, kaka," akasema bila kuinua uso. "Mimi siwezi kungoja tena."

Akakaza mikono, akavuta, spana ikateleza, akavuta tena. Otuoma akaja akasimama juu yake. Akamnyang'anya spana. Hata Dorcas akaacha moto.

"Siyo hivyo," Otuoma akasema. "Utaharibu nati. Kwanza leta mawe. Na jeki, iko chini ya sinki."

Jua lilipoanza kuelekea ziwani, Hoteli ilikuwa imekaa juu ya mawe, magurudumu sita yamelazwa majanini, na Agutu alikuwa ng'ambo ya kisima na mkewe, pale mzee alipomnyooshea kidole kutoka dirishani, wanachimba shimo la nguzo ya kwanza kwa pupa, udongo unaruka. Otuoma alikuwa anaizunguka nyumba yake. Anazunguka, anagusa bati, anarudi alikotoka, anazunguka tena, na Dorcas alimwacha azunguke, akabandika ugali.